Dirty Loops na albamu ya "Loopified": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kipande cha video yao kinaposambaa WhatsApp, hasa kwenye magrupu ya wapiga vinanda, maswali haya hurudi yaleyale. Tumeyakusanya kwa mada. Anayewajua tayari aruke hadi sehemu ya albamu.

## Mambo ya msingi

1. Dirty Loops ni akina nani?

Ni bendi ya watu watatu kutoka Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Jonah Nilsson anaimba huku akipiga kinanda, Henrik Linder anapiga besi, na Aron Mellergård yuko kwenye dramu. Walianza pamoja mwaka 2008.

Watatu hao ndio bendi yote. Wanaokutana nao kwa mara ya kwanza huuliza wapiga gitaa wamejificha wapi, kwa sababu sauti imejaa kama ya watu wanane. Sehemu ya siri hiyo iko kwenye besi, nayo tumeieleza katika swali la 15.

2. Wanapiga jazz au pop?

Umbo la wimbo ni la pop: ubeti, kiitikio, daraja la kurudia kiitikio, na maneno ya mapenzi yasiyohitaji kamusi. Kilichomo ndani ya umbo hilo ni cha watu waliosomea jazz, wakachanganya na funk, gospeli na vinanda vya disko. Mashabiki wa jazz husema ni pop iliyojipamba. Mashabiki wa pop husema noti ni nyingi mno. Wote wawili wana hoja, ila ukitaka jibu langu, hii ni pop iliyoandikwa na watu wasioweza kuacha kodi moja ikae peke yake dakika nzima.

(Kodi ninayosema hapa ni ile ya muziki, noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Ya mapato haihusiki.)

3. Jina lao lina maana gani, na "Loopified" ni nini?

"Loop" kwenye muziki ni kipande kifupi cha mdundo kinachojirudia bila kukoma, kama vile mashine za kutengeneza biti zinavyofanya. "Loopified" ni neno la kubuni kutokana na jina la bendi: kitu kilichopitishwa mikononi mwa Dirty Loops kikatoka kingine. Jina linawafaa, maana hivyo ndivyo walivyojulikana.

4. Walijulikanaje kabla ya kuwa na albamu?

Kwa YouTube. Mwaka 2010 waliweka video ya "Just Dance" ya Lady Gaga, na wimbo huo tayari ulikuwa umechoshwa na redio tangu 2008. Hakuna mavazi, hakuna wachezaji, hakuna taa za jukwaani. Ni vijana watatu chumbani na vyombo vyao. Anayefungua akitegemea utani wa vijana wa shule anasikia kinanda kinaingia na kodi ambazo Lady Gaga hakuziweka, kisha besi inaanza kukimbia, na hapo ndipo watu waliposhika simu kuwatumia wenzao.

Wakafuatisha "Baby" ya Justin Bieber, "Rolling in the Deep" ya Adele na "Circus" ya Britney Spears. Angalia walivyochagua: nyimbo ambazo mwanamuziki msomi angeona aibu kukutwa akizisikiliza.

5. Si ni kukopi tu basi?

Kukopi tunakujua. Bendi ya hotelini inakopi: unataka wimbo usikike kama ulivyo kwenye rekodi, mgeni aimbe bila kujikwaa. Dirty Loops wanaacha melodi na maneno karibu vilevile, halafu wanabomoa kila kilicho chini yake. Ukiimba "Baby" juu ya toleo lao, mdomo wako utakuwa sahihi, ila masikio yatakuambia umepotea njia. Jinsi inavyofanyika imeelezwa kwa mfano katika swali la 14.

## Walikotoka kimuziki

6. Walisomea wapi?

Walifahamiana kupitia shule za muziki za Stockholm, kikiwemo Chuo cha Kifalme cha Muziki, ambacho mizizi yake inarudi mwaka 1771. Ni chuo ambako mtu anasomea muziki wa klasiki, jazz na nadharia kwa miaka, akitoka anasoma noti kama wewe unavyosoma ujumbe wa simu. Kabla bendi haijashika kasi walikuwa wanamuziki wa kukodiwa, wale wanaoitwa studio kupiga sehemu ya mtu mwingine, wanalipwa na kuondoka.

Kazi hiyo inafundisha nidhamu, na inachosha. Mtu anayelipwa kupiga kodi tatu siku nzima hutafuta pa kumwagia zile nyingine.

7. Kwani Uswidi kuna jazz?

Ipo, na ni ya zamani. Lars Gullin, mpiga saksafoni ya baritoni, mwaka 1954 alitajwa na jarida la Marekani la DownBeat kuwa nyota mpya wa chombo chake, wakati Wazungu wa Ulaya kutambuliwa hivyo na Wamarekani lilikuwa jambo adimu. Monica Zetterlund, aliyetoka kuwa mpokea simu hadi kuwa sauti kubwa ya jazz nchini mwake, alirekodi na mpiga piano Bill Evans albamu ya "Waltz for Debby" mwaka 1964.

Mwaka huohuo ilitoka albamu ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa habari yote hii: "Jazz på svenska" ya mpiga piano Jan Johansson. Ni piano yake na besi ya Georg Riedel, basi. Wawili hao walichukua nyimbo za kienyeji za Uswidi, zile ambazo kila bibi alizijua, wakaacha melodi ikae wazi na kubadilisha rangi ya kodi zilizo chini. Albamu imetulia kiasi kwamba unasikia nafasi kati ya noti na noti. Johansson alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1968, akiwa bado kijana, ila wimbo wake wa Pippi Långstrump, yule msichana wa hadithi za watoto, watoto wa Uswidi wanauimba hadi leo.

Ukiweka albamu hiyo na video ya "Just Dance" bega kwa bega, kelele ni tofauti kama mbingu na ardhi. Lakini kazi ni ileile: wimbo ambao kila mtu anaujua, juu haujaguswa, chini umejengwa upya. Miaka ya 1960 wimbo wa watu wote ulikuwa wa kijijini. Mwaka 2010 ulikuwa wa Lady Gaga.

Baadaye alikuja Esbjörn Svensson na kundi lake la watu watatu, piano, besi na dramu, waliojaza kumbi kama bendi ya roki, hadi alipofariki akipiga mbizi karibu na Stockholm Juni 2008.

8. Mbona nchi ya watu wachache inatoa wanamuziki wengi hivyo?

Waswidi ni milioni 10 na kidogo. Sababu inayotajwa zaidi ni shule za muziki za manispaa, zilizoanza kuenea miaka ya 1940: mtoto anajifunza chombo baada ya masomo kwa ada ndogo, na mara nyingi chombo anaazimwa. Vijana wakishaunda bendi, kuna vyama vya elimu ya watu wazima vinavyopata ruzuku ya serikali na kuwasaidia kupata vyumba vya mazoezi. Ongeza kwaya, maana Waswidi wanapenda kwaya kwelikweli.

Halafu kuna upande wa biashara. Stockholm ndiko ilikokuwa studio ya Cheiron, ambako Denniz PoP na mwanafunzi wake Max Martin walitengeneza pop iliyotawala dunia mwishoni mwa miaka ya 1990. Kijana wa Stockholm aliyezaliwa miaka ya 1980 alikulia kati ya vitu hivyo viwili, chuo cha jazz mtaa huu na kiwanda cha viitikio mtaa ule.

9. Nani aliwatoa YouTube akawapeleka kwa kampuni ya Marekani?

Andreas Carlsson, mtunzi Mswidi aliyetokea Cheiron hukohuko. Yeye na Max Martin ndio walioandika "I Want It That Way" ya Backstreet Boys. Kupitia kwake bendi ilimfikia David Foster, Mkanada aliyekuwa akiongoza kampuni ya Verve wakati huo.

Wengi wanamjua Foster kama prodyuza wa Whitney Houston na Celine Dion. Wapiga vinanda wanamjua kwa jambo jingine: ni mmoja wa watunzi wa "After the Love Has Gone" ya Earth, Wind & Fire ya mwaka 1979, wimbo unaohama ufunguo (noti ya nyumbani ya wimbo) mara kadhaa na bado unaimbika harusini. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezewa vijana hawa wanafanya nini.

10. Verve si ya jazz ya zamani?

Ndiyo. Norman Granz aliianzisha mwaka 1956, kwa kiasi kikubwa ili arekodi Ella Fitzgerald. Ella naye sehemu kubwa ya kazi yake Verve ilikuwa kuimba upya nyimbo za maonyesho ya jukwaani na sinema, yaani pop ya enzi hizo. Kwa hiyo anayesema Dirty Loops walipotea njia kuingia Verve hajapitia kabati la Verve vizuri.

## Albamu yenyewe

11. "Loopified" ilitoka lini, na kwa nini naona tarehe tofauti?

Ilitoka 2014, ila si siku moja duniani kote. Japani waliipata Aprili, Marekani Agosti. Ukiona orodha mbili zenye tarehe tofauti, zote ziko sawa.

Japani kupewa kwanza si ajabu. Wajapani wamependa pop yenye kodi za jazz kwa muda mrefu. Albamu ya "Airplay" ya David Foster na Jay Graydon ya mwaka 1980 wanaienzi kuliko hata huko ilikotengenezwa. Tena ni soko lililoendelea kununua sidii wakati kwingine zimegeuka mapambo ya kioo cha gari. Wimbo wa tatu kwenye albamu unaitwa "Sayonara Love", na "sayonara" ni kwaheri ya Kijapani. Sidhani ni bahati mbaya.

12. Ni nyimbo zao au za watu?

Nyingi ni zao. Hapa ndipo waliotoka YouTube hushangaa, maana walitegemea mkusanyiko wa matoleo mapya ya nyimbo za redio. "Hit Me" ndiyo inayofungua na ndiyo iliyotangulizwa kama singo. "Sexy Girls", "Die for You", "It Hurts", "Lost in You" na "Crash and Burn Delight" nazo ni za kwao.

Za watu zilizobaki zina sababu. "Roller Coaster" ni ya Justin Bieber, kama salamu kwa walikoanzia. "Wake Me Up" ni ya Avicii, kijana wa Stockholm kama wao, iliyotikisa dunia mwaka 2013 kwa sauti ya Aloe Blacc. Wimbo wa asili unaanza na gitaa la kijijini kisha unalipuka kuwa wa dansi. Dirty Loops hawakutumia gitaa wala mlipuko, wakautia funk. Avicii, jina lake halisi Tim Bergling, alifariki Muscat, Oman, Aprili 2018, kwa hiyo wasomaji wetu wa huko wengine wanaikumbuka siku ile.

13. Mbona albamu haina moto wa zile video?

Swali hili huulizwa kwa masikitiko, nami nalikubali nusu.

Kwenye video unaona mikono. Besi ikikimbia, unaiona ikikimbia, na nusu ya raha ni mshangao. Tena wimbo unaujua, kwa hiyo kila kodi mpya unaipima na ile uliyoizoea. Kwenye albamu wimbo ni mgeni kwako. Kodi ya ajabu haionekani ya ajabu, kwa sababu hujui ya kawaida ingekuwa ipi. Zaidi ya hapo, albamu imechanganywa na kung'arishwa kama pop ya kampuni kubwa. Vinanda vimerundikwa, sauti ya Jonah imewekwa mbele kabisa, na Henrik anarudi nyuma hatua mbili.

Pale isipofika, ni kwenye maneno. Nyimbo kadhaa zina mashairi ambayo mtu yeyote angeweza kuyaandika, wakati muziki wake hakuna mwingine angeuandika. Inapofaulu inafaulu kweli: "Hit Me" ina kiitikio kinachoshika mara ya kwanza na mambo ya chini unayoendelea kuyagundua mara ya kumi.

Ushauri: usiisikilize kwa spika ya simu. Besi yote inabaki humo ndani na unachosikia ni mtu anaimba juu ya vinanda. Weka hedifoni.

## Kusikiliza na kupiga

14. Wanabadilishaje kodi bila kuharibu wimbo?

Chukua "Baby" ya asili. Karibu wimbo mzima ni kodi nne zinazozunguka: E-flati meja, C maina, A-flati meja, B-flati meja. Ni mzunguko wa tangu miaka ya 1950, na hauna kosa lolote.

Sasa kaa kwenye kinanda. Kwa mkono wa kulia bonyeza G moja na usiiachie. Mkono wa kushoto upige C maina: G ni noti ya tano ya kodi hiyo, imetulia kama mtu aliyekaa barazani kwake. Hamisha mkono wa kushoto kwenda E-flati meja: G imekuwa ya tatu, imechangamka. Nenda A-flati meja: sasa ni ya saba, tamu yenye uchungu kidogo. Malizia F maina: imekuwa ya tisa, inaning'inia, inaomba uende mahali. Kidole cha kulia hakijasogea hata kidogo, ila umesikia hali nne.

Hiyo ndiyo kanuni. Mwimbaji anashikilia melodi ambayo watu wanaijua, na wanaompigia wanachagua nyumba mpya ya kila noti. Dirty Loops wanaongeza kasi (kodi nyingine inakaa nusu ya pigo tu) na wanaweka kodi za kupitia kati ya nyumba na nyumba, tabia ambayo mpiga kinanda yeyote wa kanisani mwenye mazoea ya kusindikiza pambio ataitambua mara moja.

15. Besi ya Henrik Linder ina nyuzi ngapi, na mbona inasikika hivyo?

Sita. Besi ya kawaida ina nne. Mbili za ziada zinampa noti za chini zaidi upande mmoja na za juu zaidi upande wa pili, ndiyo maana anaweza kushika mdundo kisha ghafla akaimba melodi karibu na eneo la gitaa. Anajulikana kwa besi za Mattisson, zinazotengenezwa hukohuko Uswidi.

Msikilize hasa pale besi na kinanda vinapopiga mstari mmoja noti kwa noti, kwa kasi, kisha wote wananyamaza pamoja. Ule ukimya umefanyiwa mazoezi kuliko zile noti.

16. Sauti ya Jonah ni kama ya Stevie Wonder. Anamwiga?

Ameathiriwa naye waziwazi, kama walivyo waimbaji wengi wanaopamba kila neno kwa vinoti vitano. Tofauti iko juu: Jonah hupanda mno na hukaa huko muda mrefu. Wengine wanamuona anachosha, mimi nachoka kidogo kwenye nyimbo za taratibu.

17. Nianze na wimbo gani?

Video ya "Just Dance" kwanza, au "Baby" kama unaifahamu zaidi. Halafu "Hit Me". Ukishazoea, "Wake Me Up" ukiwa umetoka kuusikiliza wa Avicii dakika hiyohiyo. "Jazz på svenska" iweke usiku, watu wamelala.

## Yanayochanganya

18. Jina la mpiga dramu ni Mellergård au Mellergårdh?

Utayakuta yote mawili. Ni mtu yuleyule. Ile "å" hutamkwa karibu na "o", kwa hiyo "Melergord" kwa mdomo wetu inatosha.

19. Walivunjika baada ya albamu?

Hapana, walikaa kimya kirefu wakarudi. Mwaka 2020 walitoa "Phoenix", jina la ndege wa hadithi anayefufuka kutoka majivuni.

20. "Turbo" ndiyo albamu yao ya pili?

Hiyo ya 2021 ni ya ushirikiano, Dirty Loops pamoja na Cory Wong, mpiga gitaa wa Minneapolis anayejulikana pia kwa kazi zake na bendi ya Vulfpeck. Ina toleo lao la "Thriller". Wanaolalamika kwenye swali la 13 kwamba moto umezimwa waanzie hapa: gitaa la Wong linakata mdundo vipande vidogovidogo, na Henrik amerudishwa mbele.

21. Kuna wimbo wa Jonah na Mwafrika. Ni upi?

Ni "Coffee Break", kati ya nyimbo alizotoa peke yake nje ya bendi, akimshirikisha Richard Bona, mpiga besi na mwimbaji kutoka Kamerun. Tafuta video yake. Kwa mara moja Jonah ndiye anayeonekana kumwangalia mwenzake mikono.